Gari la Watu Wawili

Watu wakiachana hugawana vitu. Huyu anachukua kitanda, yule kabati, sufuria zinapigiwa kelele, na mambo yanaisha. Lenzi na Mpima walipoachana hawakuwa na kitanda wala kabati la pamoja, maana hawakuwahi kuoana. Walikuwa na gari.

Na gari lenyewe, jamani, si la kugawana. Lilikuwa jeusi, la milango minne, limeinama mbele, viti vya ngozi, injini ya mbio. Magari ya namna ile yakiwa mapya hupandwa na wakurugenzi, na yakishachoka huuzwa kwa bei ya kumtia mtu tamaa. Walilinunua mtumba, kila mmoja akatoa nusu, majina yote mawili yakaingia kwenye kadi. Enzi hizo waliona harusi iko karibu, wakasema wanaanza maisha na kitu kizuri.

Wee! Kitu kizuri kilikuja na karaha zake. Springi zilikuwa za upepo na zilivuja, kwa hiyo asubuhi unalikuta gari limelala chini kama ng'ombe aliyeshiba, mpaka ulibembeleze ndipo liinuke. Kifaa kikifa kinaagizwa ng'ambo, na fundi anakutazama kwa huruma kama umefiwa. Sokoni, muuza nyanya akiliona tu, bei imepanda. Na ndugu nao! Kila mwenye harusi alitaka likambebe bibi harusi wake. Lenzi alibeba mabibi harusi wa ukoo mzima, akawafungulia mlango, akawashikia shela lisiguse matope, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye atabebwa lini.

Kisa cha kutobebwa kilikuwa mama yake Mpima. Lenzi alikuwa ameshaolewa zamani akaachika, tena alimzidi Mpima umri kidogo, na hayo mawili mama hakuyameza. "Gari mtumba, na mwanamke mtumba?" alisema mbele za watu. "Mwanangu hajakosa kipya." Mpima aliinamisha kichwa, akasema wampe mama muda apoe. Mama hakupoa. Mwisho Lenzi akachoka kungoja, akasema basi.

Wakajaribu kuliuza gari. Nani anunue? Asiyeyajua magari hana uwezo, na anayeyajua anayakimbia ya namna ile. Basi wakakubaliana zamu. Wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Jumapili asubuhi anayemaliza zamu analiegesha kwenye uwanja wa ofisi ya upimaji wa ardhi, pale Mpima alipofanya kazi, anamwachia mlinzi funguo, anakwenda zake. Mwenzake anakuja baadaye kulichukua. Hivyo ndivyo walivyoishi, zaidi ya mwaka, bila kuonana hata kwa bahati mbaya.

Kuonana hawakuonana, lakini Lenzi alikuwa naye. Zamu yake ikianza aliukuta usukani umenyanyuliwa na kiti kimerudishwa nyuma kabisa, maana Mpima ana miguu mirefu. Hakukisogeza upesi. Alikaa hivyo hivyo, miguu haifiki kwenye breki, mikono imeshika pale mikono ya Mpima iliposhika, akavuta pumzi mpaka macho yakajaa. Kisha alijifuta, akasogeza kiti, akaenda kazini, kwenye duka la miwani, kupima watu macho. Saa ya chakula wenzake wakiketi pamoja kucheka, yeye alikulia ndani ya gari, vioo vimefungwa. Walidhani anaringa.

Sasa nikupe siri ambayo hata dada yake hakuijua. Lenzi hakutaka gari liuzwe. Kila aliposikia mnunuzi anakuja, siku mbili tatu kabla alikwenda nyuma ya gari, akafungua kile kifuniko cha tangi la mafuta, akakirudisha bila kukikaza. Basi. Gari lile lilikuwa na wivu wa ajabu na kifuniko chake. Likishahisi siku mbili tatu kwamba kimelegea, liliwasha taa ya injini, ya manjano, katikati kabisa ya dashibodi. Mnunuzi akiiona, anakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Hivyo ndivyo Lenzi alivyoshikilia uzi wa mwisho uliomfunga na Mpima. Ukikatika ule, hana tena.

Ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Nimepata mnunuzi wa uhakika. Jumapili nisubiri uwanjani. Itabidi tusaini wote wawili."

Lenzi aliusoma mpaka maneno yakapoteza maana. Usiku wa Alhamisi alikilegeza kifuniko.

Jumapili asubuhi dada yake mkubwa, ambaye Lenzi aliishi kwake tangu alipoachika, alimkuta mbele ya kioo.

"Unakwenda kuuza gari au kuposwa?"

"Kuuza gari."

"Mbona umepaka wanja?"

"Dada, niache."

Dada alikaa kitandani, utani ukamtoka usoni. "Mdogo wangu, mimi si mtoto. Gari likiondoka, utabaki na nini cha kukupeleka kwake?"

"Halitauzwa," Lenzi alisema, akachukua mkoba.

Uwanja wa ofisi ulikuwa mtupu, kama inavyokuwa siku ya mapumziko. Mpima alisimama karibu na ukuta, mikono mfukoni. Lenzi alimwona kabla hajazima injini, na moyo wake ukafanya ujinga wake wa siku zote. Mpima alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo ovyo, na shati lile la buluu alilijua, ila kola sasa ilikuwa imechakaa.

"Hujambo, Lenzi."

"Sijambo. Umekonda."

"Na wewe."

"Mimi sijakonda. Nimevaa nguo kubwa."

Mpima alitaka kucheka, akazuia. Alimtazama, akatazama pembeni, akamtazama tena kama mtu anayehesabu kilichobaki. Lenzi aliona, akaona pia kwamba kuna jambo. Alikuwa akijikuna kiganja, na Mpima akijikuna kiganja jua ana neno lisilotaka kutoka.

"Mnunuzi yuko wapi?"

"Yule pale anakuja."

Aliyekuja alikuwa mzee mrefu mwenye kanzu safi na fimbo. Alitembea bila haraka, na alipofika hakulitazama gari. Alimtazama Lenzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili ndilo?"

"Ndilo. Karibu uliendeshe."

"Endesha wewe," mzee alisema akifungua mlango wa mbele. "Mimi nitasikiliza."

Wakatoka, Lenzi kwenye usukani, mzee pembeni, Mpima nyuma. Kila Lenzi alipoinua macho kwenye kioo aliyakuta ya Mpima yanamngoja. Barabara ilikuwa wazi, injini ikanguruma vizuri siku hiyo, msaliti mkubwa! Lakini kufika mtaa wa maduka, taa ya manjano ikawaka. Lenzi akashusha pumzi.

"Mzee, unaiona hiyo? Ni ya injini."

"Naiona."

"Huwaka mara kwa mara. Siwezi kukudanganya."

"Taa tu hiyo, mwanangu."

Lenzi akashangaa. "Na springi zinavuja."

"Hata mimi magoti yanavuja."

"Linakunywa mafuta, mzee! Vifaa vyake havipatikani. Likiharibika unakaa miezi unalitazama tu. Mafundi wote wa mji huu wananijua kwa jina, na wakiniona wanafurahi. Ukilinunua hili gari, hutalala."

"Wewe umelilalia vipi muda wote huo?"

Barabara ikapita, nyumba zikapita. "Nalipenda," Lenzi alisema mwishowe, na sauti yake ikamtia aibu. Kwenye kioo Mpima alikuwa ameinama.

Walirudi uwanjani. Mzee hakufungua boneti, hakuchungulia chini, hakupiga gurudumu teke kama wanunuzi wote duniani. Bei aliyotajiwa aliikubali hapo hapo. Mtu gani huyu?

Mzee alitandaza karatasi za mauziano juu ya boneti, akatoa miwani mfukoni akaivaa. Miwani ikakaa upande, kama picha iliyopigwa kikumbo ukutani. Na hapo, kwa mazoea ya kazi, Lenzi akasahau shida zake.

"Mzee, miwani yako imepinda. Niruhusu."

"Imekuwa hivi siku zote. Wameshindwa."

"Hawajaangalia." Akaivua taratibu, akaukunja mkono mmoja wa miwani kidogo kwa vidole, akamrudishia, akapitisha vidole nyuma ya masikio kuhakikisha. Vidole vikasimama.

Sikio la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia. Si sana. Kiasi kile ambacho mtu mwingine haoni maisha yake yote, lakini Lenzi alikuwa ameshawahi kukigusa. Siku Mpima alipoingia dukani kwao kwa mara ya kwanza alilalamika vivyo hivyo, miwani haikai, na Lenzi alipitisha vidole nyuma ya masikio yake vivyo hivyo, na hapo ndipo yalipoanzia yote. Kwa miaka aliyofanya kazi ile hakukutana na masikio mengine ya namna hiyo.

"Mzee," alisema, mikono bado iko pale, "wewe na Mpima mna undugu gani?"

Mpima akaanza kujikuna kiganja. Mzee akakohoa.

"Nani kakuambia tuna undugu?"

"Masikio yenu."

Mzee akaivua miwani, akaishika. "Mimi ni mjomba wake," alisema. "Mama yake ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Nilimwambia tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa kusema uongo, nitashikwa tu."

"Na gari?"

"Mwanangu, mimi sijawahi kuendesha hata baiskeli."

Lenzi alimgeukia Mpima. "Ulijua?"

"Lenzi..."

"Nimekuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

Mzee aliinua mkono. "Usimlaumu peke yake. Dada yangu keshamtafutia mchumba. Watu wa binti hawana neno, wamekubali. Wameuliza jambo moja tu, habari ya hili gari la Jumapili. Wanasema hawampi mtoto wao mtu anayepokezana funguo na mwanamke mwingine. Na wana haki. Ndiyo nikatumwa nilinunue, liishe kwa heshima, kila mtu apate chake." Alimtazama Lenzi kwa huruma iliyomuuma kuliko tusi. "Nilidhani nitakuta mtu mkorofi. Dada yangu alinieleza mtu mwingine kabisa. Ngojeni niwapishe mzungumze."

Akaenda kuketi kwenye ngazi za ofisi, akawapa mgongo.

Lenzi alishika kioo cha pembeni. Mchumba. Alijua siku moja neno hilo litakuja, ila alidhani atalisikia kwa watu, akiwa mbali, akiwa amekaa.

"Mzuri?" aliuliza.

"Sijui. Sijamtazama."

"Mpima, usinifanyie hivyo."

"Kweli. Nilipelekwa, nikakaa, nikatazama soda yangu mpaka tukaondoka." Akasogea karibu, na sauti ikashuka. "Nikwambie kitu? Kile kifuniko cha mafuta."

Lenzi akashtuka. "Kifuniko gani?"

"Cha tangi. Wewe ndiye unayekilegeza."

"Nani kasema?"

"Mara ya kwanza nilidhani umesahau. Mara ya pili nikacheka peke yangu barabarani kama kichaa. Baada ya hapo ikawa kila nikichukua zamu, kitu cha kwanza nakwenda nyuma kukipapasa. Nikikikuta kimelegea nakikaza, na wiki yangu yote inakuwa nzuri. Nikikuta kimekazwa..." Akakitazama kifuniko. "Nikikuta kimekazwa najua hakuna mnunuzi, lakini bado roho inauma."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeacha."

Ee Mola! Machozi yalimtoka Lenzi hapo hapo, na wanja wake wote. Mwaka mzima na zaidi alijiona mwendawazimu wa peke yake, kumbe walikuwa wawili. Mpima alinyoosha mkono, akamfuta shavu kwa kidole gumba kama zamani, na Lenzi akauacha mkono ule ukae. Laiti mambo yangeishia hapo.

"Kataa," Mpima alinong'ona.

"Nikatae nini?"

"Kusaini. Bila saini yako haliuziki, mjomba anajua, mama anajua. Sema hutaki. Sema umebadili mawazo, sema bei ndogo, sema lolote. Watu wa yule binti watakasirika, watajiondoa, na sisi tutaendelea hivi hivi."

"Hivi hivi vipi?"

"Hivi. Jumapili zetu."

Lenzi alimtazama. Alimtazama vizuri, kwa jicho lile la kazini la kutafuta kasoro iko wapi. Moyo wake ulikuwa unapiga kelele sema ndiyo, sema ndiyo, mjinga wewe, ndicho ulichokuja kutafuta! Angebaki na gari. Angebaki na kile kiti kilichorudishwa nyuma, na chakula chake cha mchana ndani ya vioo vilivyofungwa, mwaka huu na ujao, mpaka nywele ziwe nyeupe, akimpenda mtu kwa kupapasa kifuniko.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi nini?"

"Wewe unakataa? Mjomba wako yule pale kwenye ngazi. Nenda ukamwambie, 'Mjomba, sisaini, nampenda huyu.' Si mimi. Wewe."

Mpima akautazama mgongo wa mzee.

"Unajua presha ya mama..."

"Naijua. Nimeishi nayo kuliko daktari wake."

"Nikimwambia mimi atasema nimemuua. Ukikataa wewe..."

"Nikikataa mimi, lawama ni zangu," Lenzi alimalizia. "Mtumba mkorofi, anang'ang'ania. Na wewe unabaki mtoto mzuri."

Lenzi alimpa muda wa kutosha. Kisha alikwenda kwenye boneti, akachukua kalamu, akasaini kila palipohitaji saini yake. Jina likatoka vibaya, lakini lilitoka. Akamsogezea Mpima kalamu.

"Lenzi, ngoja kwanza tufikiri."

"Saini, Mpima. Nimechoka kuwa na nusu."

Na Mpima alisaini.

Mzee alirudi, akazikunja karatasi taratibu kama anayekunja nguo za marehemu, akampa Lenzi bahasha ya nusu yake. "Panda, mwanangu, tukushushe kwenu. Mpwa wangu ataendesha."

"Ahsante, baba. Nitatembea."

Mzee hakusisitiza. Aliingia, akafunga mlango, akatazama mbele. Wakabaki wawili nje, funguo mkononi mwa Mpima.

"Sikiliza," Lenzi alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia sasa, hata yeye ikamshangaza. "Gari limekwisha, hatuna tena sababu ya kuonana. Kama unanitaka, liache hapa hapa, mlinzi yupo. Mzee utamtafutia teksi. Twende kwa miguu mpaka kwa dada, uingie, ukae, umwambie unanitaka. Leo."

"Leo?"

"Leo."

Upepo ulipeperusha kola ya Mpima iliyochakaa. Lenzi aliona jinsi alivyotaka. Wallahi alitaka, ilikuwa imeandikwa uso mzima. Akapiga hata hatua moja kuja kwake.

"Ngoja nimfikishe mzee kwanza," alisema. "Halafu nitakuja. Halafu tutaongea na mama polepole..."

Lenzi aliifahamu hiyo "halafu". Ndiyo iliyomlia ujana wake uliobaki. Akatikisa kichwa, akampisha njia.

Mpima aliingia garini. Akajifunga mkanda. Gari likaondoka polepole, likafika kwenye geti, taa nyekundu za nyuma zikawaka, likasimama. Lenzi akashika kifua. Likasimama muda, naye akajikuta ameshapiga hatua mbili tatu kulifuata. Kumbe kulikuwa na lori linapita. Lori likapita, gari likakata kona.

Alitembea. Mji mzima ulikuwa nje siku hiyo, watu wawili wawili, watoto wamebebwa mabegani, na kila gari jeusi lililomjia kwa nyuma lilimfanya ageuke. Kufika mtaa wa maduka viatu vilikuwa vimemchubua. Kufika kwao alikuwa ameacha kugeuka.

Dada yake alikuwa barazani anachambua mchele. Alimwona mdogo wake anakuja kwa miguu, wanja umeshuka mpaka mashavuni, akaweka ungo chini.

"Limeuzwa?"

"Limeuzwa."

"Maskini." Dada akamsogezea kigoda, akamtazama anavyokaa, anavyovua kiatu kimoja kimoja. Hakutaka kuuliza, lakini akauliza. "Na yeye je?"

Lenzi aliviweka viatu pamoja, vizuri, kando ya mlango.

"Kaenda nalo."